Hatua stahiki

Barua niliyomwandikia mkandarasi mmoja wa barabara ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulitaja namba ya mkataba, wa pili ukasema kazi imechelewa kwa miezi minne, miwili ya mwisho ikamtaka ajieleze ndani ya siku saba “kwa nini hatua stahiki zisichukuliwe dhidi yako”. Mkuu wangu akasaini, muhuri ukagongwa, nakala nikaiweka kwenye faili. Nilikuwa na miaka sita kazini kama afisa manunuzi na barua za aina hiyo nilishaandika nyingi, nyingine kwa kunakili ya zamani na kubadilisha jina.

Wakati naiandika nilijua hatua stahiki ni ipi. Kwenye kikao cha wiki iliyotangulia mkuu alishasema, na sisi tulishaitikia, kwamba mkandarasi huyu afungiwe kushiriki zabuni za umma. Mimi nilijua, kamati ilijua, hata karani aliyeipeleka barua alijua. Asiyejua alikuwa yule aliyeandikiwa.

Alikuwa mama wa makamo mwenye kampuni ndogo ya ujenzi. Kazi aliyopewa ilikuwa barabara ya changarawe yenye makalavati sita. Majibu yake yalikuja siku ya tano, nusu ukurasa. Alikiri kwamba kazi imechelewa. Akasema yuko tayari kukatwa fidia ya ucheleweshaji kama mkataba unavyoelekeza, na akaomba aruhusiwe kumalizia kipande kilichobaki. Nilisoma majibu hayo kwa furaha, nalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu yalinirahisishia kazi. Kwenye dokezo langu kwa kamati niliandika: “Mkandarasi amekiri kosa.” Kamati ikakaa kwa muda mfupi sana, ikamfungia miaka mitano kwa zabuni zote. Muhtasari wa kikao una sentensi moja tu juu yake, na haina sababu yoyote.

Sikuelewa wakati ule kwamba yeye na sisi tulikuwa tunajibu maswali mawili tofauti. Yeye alidhani anaulizwa: utakubali kukatwa pesa kwa kuchelewa? Mkandarasi mwenye akili, hasa mdogo, akiulizwa hivyo mara nyingi hukubali. Kugombana na mteja juu ya fidia kunaweza kumgharimu zaidi ya fidia yenyewe, na bado anataka kumaliza kazi apate malipo ya mwisho. Sisi tulikuwa tumeshajiuliza: je, mtu huyu haaminiki kiasi kwamba serikali nzima isifanye naye kazi tena? Hilo ni swali la uaminifu na uwezo wake, na majibu yake hayafanani hata kidogo na majibu ya swali la kwanza. Mtu anaweza kuchelewa na akadaiwa fidia kihalali kabisa, huku sababu za kuchelewa zikionyesha kwamba hana dosari ya kumfanya aogopwe.

Baada ya barua ya kufungiwa, alikuja ofisini. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akafungua mfuko wa plastiki na kutoa shajara ya saiti: daftari la jalada gumu, kingo zake zimeliwa na unyevu, kurasa za katikati zina alama za vidole vyenye saruji. Alishaweka kipande cha kamba kwenye ukurasa aliotaka niuone. Palikuwa na mwandiko nilioufahamu vizuri, wa mhandisi msimamizi wetu ambaye alikuwa amehamishwa miezi kadhaa kabla. “Kalavati namba 3: simamisha. Maji yamepanda kuliko ilivyo kwenye michoro. Subiri michoro mipya.” Chini saini yake na tarehe. Nikafunua kurasa zilizofuata. Kila siku msimamizi wake wa saiti aliandika idadi ya vibarua, hali ya hewa, mitambo iliyopo, na mwishoni maneno yaleyale: michoro bado. Nilihesabu kwa kidole. Siku 71.

“Mwanangu,” akaniambia, “ungeniambia kwamba ni jambo hili, ningekuletea hiki.”

Nilimwuliza kwa nini hakudai kuongezewa muda. Akasema mhandisi alimwahidi kwa mdomo kwamba litashughulikiwa. Hapo alikosea kweli. Mikataba mingi ya ujenzi inataka taarifa ya maandishi ndani ya muda maalumu; ile ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, kwa mfano, inampa mkandarasi siku 28 tangu ajue au alipopaswa kujua tukio linalompa haki ya kudai, na akizipitisha anapoteza haki hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kwenye suala la fidia angeshindwa. Lakini kumfungia miaka mitano kwa sababu alitii agizo la mhandisi wetu na kuamini neno lake? Daftari lile lilikuwa limekaa kwenye kabati lake muda wote. Ofisi yetu nayo ilikuwa na nakala ya agizo hilo kwenye faili la ufundi, ghorofa ya juu, na mimi sikupanda ngazi kulitafuta.

Nilikwenda kwa mkuu na kumweleza. Akanisikiliza, akaniambia uamuzi umeshatoka na umeshasambazwa, kama hakuridhika aende mahakamani. Nilisisitiza kidogo, kisha nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma zaidi kuliko ile barua, maana barua niliandika bila kujua habari za daftari na nilinyamaza hali nikizijua.

Watu wa nje hudhani kufungiwa ni kukosa zabuni za ofisi moja. Ndani ya miezi miwili nilishuhudia yafuatayo. Ofisi nyingine iliyokuwa imeshamchagua katika zabuni yao ilibatilisha kusudio la kumpa kazi. Benki yake ilikataa kumtolea dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki ya kulipa mzabuni akijitoa, hata kwa kazi ya kampuni binafsi. Fundi wake mkuu alihama. Na kila fomu ya zabuni atakayoijaza maisha yake yote ina swali: je, umewahi kufungiwa? Kadiri taasisi zinavyoshirikiana ndivyo jambo hili linavyokuwa zito. Tangu mwaka 2010 Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki nyingine tatu za maendeleo, ile ya Asia, ya Ulaya ya ujenzi mpya na ya nchi za Amerika, zina makubaliano kwamba aliyefungiwa na mmoja wao kwa zaidi ya mwaka mmoja hufungiwa na wote. Mimi naunga mkono ushirikiano wa namna hiyo. Mla rushwa asihamie mlango wa pili. Ila mlango mmoja unapofunga milango yote, anayeshika ufunguo anatakiwa awe na uhakika na anachofanya.

Alikwenda mahakamani. Ilichukua miezi kumi na mmoja, na mahakama ikatengua uamuzi wetu. Hukumu haikusema kwamba hakuchelewa. Ilisema hakuambiwa anakabiliwa na nini, hakupewa nafasi ya kujitetea juu ya hilo, na uamuzi hauna sababu. Ofisini tukaambizana kwamba ameshinda kwa ujanja wa mawakili. Nimesikia kauli hiyo mara nyingi tangu hapo na kila nikiisikia nakumbuka ile kamba ndani ya daftari. Utaratibu tulioukiuka ndio pekee ambao ungetufikishia ukweli.

Mwanasheria wetu alinipa nakala za hukumu ambazo wakili wa yule mama alizitumia, nyingi zikiwa za nchi za mbali. Nilianza kuzisoma kwa wajibu, nikaishia kuzisoma usiku nyumbani. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Marekani, mwaka 1964, Gonzalez dhidi ya Freeman. Kampuni ilikuwa imezuiwa kufanya biashara na shirika la serikali la Commodity Credit Corporation. Jaji Warren Burger, ambaye miaka mitano baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo, aliandika kwamba hata kama hakuna mwenye haki ya kudai apewe mkataba na serikali, serikali haiwezi kumzuia mtu kiholela: lazima ziwepo kanuni, taarifa ya tuhuma mahususi, nafasi ya kuleta ushahidi na kuwahoji mashahidi, na uamuzi unaotokana na kilichomo kwenye kumbukumbu za shauri. Hoja ya “zabuni ni hiari yetu, tunampa tunayemtaka” nilikuwa nikiitumia mwenyewe. Ilijibiwa kabla sijazaliwa.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya India ilifika mahali hapohapo katika shauri la Erusian Equipment dhidi ya jimbo la West Bengal: kumweka mtu kwenye orodha ya waliofungiwa kunamnyima nafasi sawa ya kufanya biashara na serikali, na haki inadai asikilizwe kabla jina lake halijaandikwa. Kabla, si baada.

Lakini iliyonikalisha kimya ni ya mwaka 2014, ya mahakama hiyohiyo, baina ya Gorkha Security Services na serikali ya Delhi. Kampuni ya ulinzi ilipewa barua ya kujieleza juu ya upungufu katika kazi yake. Barua ilieleza makosa. Haikueleza kwamba kufungiwa ni moja ya adhabu zinazofikiriwa. Mahakama ikasema barua ya kujieleza ina kazi mbili: kumwambia mtu amekosa nini, na kumwambia anakusudiwa kufanywa nini, ili ajue anajitetea dhidi ya kitu gani. Haikutaka maneno fulani ya lazima. Ilikubali kwamba kama kusudio linaonekana wazi kutokana na barua yenyewe, inatosha. Mwaka 2020 ikarudia msimamo huo katika shauri la UMC Technologies na kutengua uamuzi wa kuifungia kampuni miaka mitano kwa sababu barua haikuwa wazi. Nikachukua nakala ya barua yangu nikaiweka pembeni ya hukumu ile. Hatua stahiki. Kwenye maneno hayo mawili unaweza kuingiza onyo, makato, kuvunja mkataba, au kumwua mtu kibiashara. Sisi waandishi wa barua za serikali tunayapenda kwa sababu hayatufungi popote, na ubaya wake uko hapohapo.

Niliporudi kwa mkuu mara ya pili sikunyamaza. Nilimwambia tumeshindwa kwa gharama, tutashindwa tena, na safari nyingine anayefaidika atakuwa mwizi wa kweli ambaye barua mbovu itamwachia mlango. Hoja hiyo ya mwisho ilimgusa. Tukabadilisha mambo. Barua sasa hutaja tuhuma moja moja, tarehe zake na kifungu kinachohusika, huambatanisha nyaraka tunazozitegemea, na hutamka bila kuzunguka: tunakusudia kukufungia kushiriki zabuni zote za umma, kwa muda usiozidi kiasi hiki. Siku saba zikawa ishirini na moja. Aliyesimamia mkataba haketi kwenye kamati inayoamua. Huitwa kama shahidi, naye huulizwa maswali. Hili la mwisho lilileta mvutano mkubwa kuliko mengine yote, kwa sababu wasimamizi wetu hawakuzoea kuulizwa michoro ilichelewa kwa nini.

Shauri la kwanza chini ya utaratibu mpya lilikuwa la dhamana ya zabuni ya kughushi. Tuliandika benki kuuliza, benki ikajibu kwamba haijawahi kuitoa. Jambo lilionekana limekwisha. Wenzangu wawili waliniambia waziwazi kwamba hapa kusikiliza ni kupoteza muda. Tukaandika barua, tukangoja, tukamwita. Akaja kijana mwenye kampuni, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na mikono inatetemeka, akiwa na stakabadhi na simu yake. Akatuonyesha ujumbe aliokuwa akiandikiana na wakala aliyejitambulisha kuwa ana mtu ndani ya benki. Alilipa. Hakuwahi kukanyaga benki, hakuwahi kusaini fomu yoyote ya benki, na hilo peke yake lingemshtua mtu yeyote makini. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole: “Kijana wangu, uliwahi kujiuliza kwa nini ni rahisi hivi?” Akainamisha kichwa. Akasema alijiuliza, ila siku ya kufungua zabuni ilikuwa kesho yake.

Tulimfungia miaka miwili. Tuliandika sababu kurasa tatu: kwamba hatukuridhika kuwa alighushi yeye, kwamba uzembe wake ulikuwa mkubwa, kwamba alitoa ushirikiano. Hakukata rufaa wala kwenda mahakamani. Na kutokana na ile simu tulipata namba ya wakala. Tulipopekua mafaili ya zabuni nyingine tulikuta dhamana mbili zenye mpangilio uleule wa maneno na kosa lilelile la herufi kwenye jina la tawi. Zote mbili benki ikazikana. Kama tungemfungia yule kijana kwa barua ya mistari minne, tusingemjua wakala, na zile dhamana mbili zingeendelea kukaa kabatini zikionekana halali.

Kuna mwenzangu mmoja, mtu mwaminifu sana, ambaye hadi leo hakubaliani nami. Husema mwizi ukimpigia hodi anatorokea dirishani. Ndani ya hizo siku ishirini na moja atashinda zabuni nyingine. Wasiwasi wake ni wa kweli na hauna budi kujibiwa. Jibu ni kusimamisha kwa muda, ambako ni kitu tofauti na kufungia. Kanuni za serikali ya Marekani zimekuwa zikiruhusu kumsimamisha mkandarasi mara moja panapokuwa na ushahidi wa kutosha na haja ya haraka, lakini hupewa siku 30 za kujibu baada ya taarifa, na kama mashtaka hayajafunguliwa ndani ya miezi 12 usimamishaji hukoma, isipokuwa uongezwe kwa miezi sita. Kinachoniogopesha ni usimamishaji usio na mwisho, ule unaokaa miaka bila shauri kusikilizwa. Huo ni kufungia kwa jina jingine.

Tunaendelea kubishana pia juu ya urefu wa muda wa kufungiwa. Kanuni hizohizo za Marekani husema lengo ni kuilinda serikali, siyo kuadhibu, na kwa kawaida muda usizidi miaka mitatu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 humpa mkandarasi nafasi ya kuonyesha kwamba amejirekebisha: amelipa hasara, ameondoa waliohusika, ameweka udhibiti. Na Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Kulja Industries la mwaka 2013, haikupinga kumfungia mkandarasi aliyehusishwa na malipo yasiyo halali. Ilipinga kumfungia milele. Nikiwa kwenye kamati siku hizi huuliza: hii miaka mitano tumeipata wapi? Mara nyingi jibu ni kwamba ndiyo tuliyozoea.

Jambo ambalo sijalimaliza ni la yule mama. Siku hukumu ilipotoka nililifuta jina la kampuni yake kwenye orodha yetu mchana uleule, nikaona nimetimiza wajibu. Kupita mwaka mmoja akanipigia simu. Zabuni yake imekataliwa mahali, sababu: yumo kwenye orodha ya waliofungiwa. Tulipotangaza kumfungia tulisambaza barua kwa ofisi nyingi. Tulipotenguliwa hatukusambaza chochote. Orodha ya zamani ilikuwa imechapishwa, imenakiliwa, imetumwa kwa barua pepe kutoka ofisi hadi ofisi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama bado ni sahihi.

Nilianza kupiga simu. Ofisi moja ililifuta papo hapo. Nyingine ilitaka nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, nikaipeleka. Ya tatu niliifikia kwa shughuli nyingine kabisa: nilikuwa nimekwenda kukagua vifaa, na nyuma ya mlango wa kabati la stoo nikaona orodha imebandikwa kwa gundi ya karatasi, imegeuka njano. Mstari wa kumi na nne, jina la kampuni yake, na mbele yake maneno “miaka 5”. Nikamwomba mtunza stoo kalamu nilikate. Akanikatalia kwa adabu. Alisema orodha siyo yake, ililetwa kwa barua, na kama kuna mabadiliko yaje kwa barua.

Alikuwa sahihi. Nikamwuliza barua hiyo iandikwe kwa nani, nikachukua jina la cheo, nikarudi ofisini kuiandika.